Sahihi ya Injinia Bihogo

Kufikia mwezi wa kwanza wa mwaka ule, Uwituze alikuwa amepokea demande kumi na saba, na katika historia yote tukufu ya Lise Nuru ya Bonde hakuna kiumbe aliyewahi kumkaribia. Aliyemfuata alikuwa na tisa, naye alishafukuzwa.

Demande, kwa wale waliolelewa vizuri mno wasiijue, ni karatasi yenye muhuri. Mkuu wa nidhamu anaandika swali upande wa juu, mkosaji anaandika jibu upande wa chini, na jibu lazima lirudi ndani ya saa arobaini na nane. Wafanyakazi wa serikali huandikiwa. Walimu huandikiwa. Na katika shule ile ya bweni, iliyo kando ya barabara kuu kati ya Sange na Kiringye, wasichana nao waliandikiwa, ili wazoee maisha.

Mwandishi wa demande alikuwa Mwalimu Sévère, mtu mwembamba aliyepewa jina hilo siku ya ubatizo, akatumia miaka hamsini na miwili kulitendea haki.

Demande ya kwanza aliyomwandikia Uwituze ilisema: "Kwa nini una tabia mbaya?" Uwituze alijibu kwa kurasa nne. Alianza na Adamu na Hawa, akapitia athari za marafiki na joto la bondeni kwa mtu aliyezaliwa kwenye baridi ya milima mirefu, akamaliza kwa kuishukuru shule. Hakukuwa na kosa lililokubaliwa mle ndani wala lililokanwa, na mtu hawezi kuadhibiwa kwa shukrani. Demande ya saba iliuliza: "Mbuzi wa Prefe aliingiaje kanisani?" Uwituze alijibu: "Kwa mlango."

Mwalimu Sévère alilisoma jibu hilo mara mbili, akavua miwani, akaandika kitu katika kijidaftari. Tangu siku hiyo maswali yake yalianza kupungua urefu na kuongezeka meno. Demande ya kumi na saba, ile ya kengele ya shule iliyokataa kulia asubuhi ya mtihani wa hesabu, ilisema hivi: "Soksi iliyofungwa kwenye ulimi wa kengele ni yako? Jibu ndiyo au hapana. Kama ni hapana, leta soksi zako zote mbili ofisini leo kabla ya saa sita."

Uwituze aliizunguka karatasi ile asubuhi nzima, kama mbwa anayemzunguka nungunungu, asione pa kuuma. Saa sita kasoro dakika tano aliandika: "Ndiyo."

"Ya kumi na nane," alisema Prefe Marcellin, mkuu wa shule, akimwonyesha kidole kilichonona, "unafunga valizi. Unaenda kwenu. Umesikia, weye?"

"Nimesikia, Prefe."

Adhabu ilikuwa maji, kwa sababu pale kila kitu kilikuwa maji. Uwituze alipewa mabidoni mawili, yaani madumu, na wiki tatu za kuteka kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, mwendo wa dakika arobaini kwenda, na kurudi hakuna aliyewahi kupima kwa sababu ya uchungu wa mabega. Kila safari alipita mbele ya kisima cha shule. Kilikuwa kisima kizuri. Kilikuwa na sakafu ya saruji, uzio wa chuma uliopakwa rangi ya buluu, na kibao kilichosema kwamba Idara, kwa kuwapenda watoto wa bonde, ilikuwa imewapa maji safi. (Ilikuwa idara moja ya serikali ya jimbo, yenye jina refu sana, hapa itaitwa Idara tu, kwa heshima.) Kilichokosekana kilikuwa pampu. Katikati ya saruji lilisimama bomba fupi lililofunikwa kifuniko, na juu ya kifuniko alikaa mjusi.

Kisima kilizinduliwa mwezi wa kumi. Mtu wa Idara alisema pampu ilikuwa njiani. Bondeni, kila kitu ambacho hakipo huwa kiko njiani.

Mwezi wa kwanza, wasichana kumi na wanane waliugua tumbo kwa wiki moja. Daktari wa eneo la afya alikuja, akaonja maji ya mfereji kwa macho tu, akaandika barua. Prefe Marcellin aliisoma mbele ya gwaride, na safari hii hakunyoosha kidole. Bila maji safi kufikia mwisho wa muhula wa pili, bweni litafungwa. Wanaoishi Sange, Luvungi au Kiringye wangekuja kila siku kwa miguu au kwa pikipiki. Wa mbali wangerudi makwao, kwa muda.

Noella, rafiki yake aliyetoka Luvungi, alimgusa kiwiko. "Ni kwa muda tu, amesema."

Kwao Uwituze kulikuwa milimani juu, siku mbili za kupanda kwa miguu kama njia ilikuwa na amani. Dada yake Amahoro alirudi huko miaka minne iliyopita, shule yake ilipofungwa kwa muda. Amahoro alikuwa wa kwanza darasani kwa kemia. Sasa alikuwa na watoto wawili, na kemia yake yote aliitumia kugandisha maziwa.

Wiki iliyofuata, Mheshimiwa Élisabeth alifika. Alikuwa mbunge katika bunge la jimbo kule Bukavu, mama mnene wa sauti ya taratibu, mzaliwa wa bonde, na likizo za bunge alizitumia kuzunguka vijijini kusikiliza malalamiko, jambo ambalo sheria inawataka wabunge wote wafanye na ambalo yeye, kwa bahati mbaya yake, alilichukulia kwa uzito. Alikaribishwa katika ukumbi wa chakula. Wanafunzi waliimba. Prefe alisema mengi. Kisha Mheshimiwa akasimama na karatasi mkononi.

"Wanangu, msifikiri nimelala," alisema. "Mbunge ana haki ya kumwandikia waziri swali, na waziri analazimika kujibu kwa maandishi. Mwezi wa kumi na moja niliuliza: serikali inafanya nini kuhusu maji katika shule za bonde la Ruzizi? Wamejibu. Sikilizeni."

Akasoma. Lilikuwa jibu la kurasa nne. Lilianza na umuhimu wa maji katika uhai wa mwanadamu. Lilipitia joto la bondeni na ongezeko la watu. Lilisema kwamba hatua zilikuwa zimechukuliwa, kwamba visima kadhaa vilikuwa vimekamilishwa kulingana na mpango, kwamba mengine yalikuwa yakifuatiliwa kwa karibu. Lilimaliza kwa kumshukuru Mheshimiwa.

Katikati ya ukurasa wa tatu, ukumbi mzima ulisikia mtu akicheka. Hakikuwa kicheko cha adabu kinachomezwa na kiganja. Kilitoka kifuani.

"Uwituze!" Prefe alikuwa amesimama. "Simama! Iko kitu gani ya kuchekesha?"

Uwituze alisimama. Kule pembeni, Mwalimu Sévère alikuwa tayari amekamata kalamu.

"Mwacheni aseme," alisema Mheshimiwa. "Binti, unacheka nini?"

"Onorable, nisamehe. Minye ile jibu naijua."

"Unaijuaje?"

"Ni kama niliiandika minye mwenyewe." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaangamia, akaendelea. "Uliuliza swali pana kama mlango wa zizi, Onorable. Hapo hata ng'ombe mia wanatoka bila kugusana. Wamesema visima kadhaa. Gani? Havina majina. Vimekamilishwa. Na nani? Lini? Hawajasema uongo hata moja, na hawajasema kitu. Hata joto wametia! Minye pia nilitia joto."

Mheshimiwa Élisabeth alizitazama kurasa zake nne kama mtu aliyenunua samaki sokoni Uvira akafika nyumbani akakuta ni kichwa kitupu.

"Basi nifundishe kuuliza," alisema.

"Minye sijui kuuliza, Onorable. Minye najua kukimbia." Akanyoosha mkono pembeni. "Mwenye kujua kuuliza ni yeye pale."

Mwalimu Sévère alishusha kalamu polepole.

Ndivyo kamati ile ilivyozaliwa, na ikumbukwe kwamba kamati nyingi za nchi yetu zimezaliwa na watu wabaya zaidi. Walikaa katika ofisi ya nidhamu, watu watatu na chupa moja ya maji aliyokuja nayo Mheshimiwa. Mwalimu Sévère aliandika. Mheshimiwa aliangalia kanuni za bunge. Uwituze alikalia benchi la wakosaji, mahali alipopazoea, na kazi yake ilikuwa moja: kuwa Idara.

"Je, kisima cha Lise Nuru ya Bonde kina pampu?" alisoma Mwalimu Sévère.

"Kisima hicho kimo katika orodha ya visima vinavyopewa pampu," alijibu Idara, miguu ikining'inia.

Mheshimiwa akaguna. Mwalimu akafuta.

"Leo, kisima hicho kina pampu? Ndiyo au hapana."

"Leo gani? Barua itafika baada ya wiki. Idara inashindwa kujua unasema leo ya nani."

"Weka tarehe," alisema Mheshimiwa.

Mwalimu akaweka tarehe. "Tarehe kumi na tano mwezi wa kwanza, kisima kilikuwa na pampu? Ndiyo au hapana."

"Ndiyo," alisema Idara.

"Lakini huo ni uongo," alisema Mheshimiwa.

"Ndiyo, Onorable. Ni uongo, na weye uko Bukavu. Utafanya nini?"

Mwalimu Sévère alivua miwani. Huko nyuma, kila alipovua miwani mbele yake, Uwituze alijivuta nyuma kwenye benchi. Leo alijikuta akiinama mbele kusikiliza. "Soksi," alisema Mwalimu taratibu. "Nilikuomba ulete soksi. Asilete maneno, alete kitu. Kazi ya serikali ikiisha, kuna hati ya kuipokea, yenye sahihi. Tutaomba hati hiyo. Nakala yake."

Uwituze alizunguka swali lile upande huu na upande ule.

"Hapo," alikiri, "minye ningeandika ndiyo."

Swali lilikuwa na mistari sita. Lilimtaka waziri aseme kama tarehe ile kisima kilikuwa na pampu, nani aliijaribu, siku gani, na kuleta nakala ya hati ya kupokea kazi pamoja na sahihi zake zote. Mheshimiwa alilipeleka kwa mkono wake mwenyewe, akasubiri kaunta mpaka nakala yake ilipogongwa muhuri wa mapokezi, kwa sababu barua isiyogongwa muhuri, katika jimbo letu, haijawahi kuandikwa.

Jibu lilichukua wiki tatu. Lilifika kwenye simu ya Prefe Marcellin kama picha, siku ya Jumatatu saa nne, naye akawaita Mwalimu Sévère na Uwituze ofisini. Uso wake ulikuwa na rangi ya muhogo uliokaa majini.

Ndiyo, ilisema Idara. Kisima kilikuwa na pampu, ilifanya kazi, na hati ilikuwa imeambatishwa. Ukurasa wa kwanza wa hati ulisema kwamba pampu ilijaribiwa mbele ya uongozi wa shule na kuthibitishwa na mtaalamu wa maji. Ukurasa wa pili ulikuwa na safu tatu, jina, kazi na sahihi. Mstari wa kwanza: Marcellin, Prefe. Mstari wa pili: Sévère, Mkuu wa Nidhamu. Mstari wa kumi na nne: Uwituze, Mwanafunzi.

"Ile ilikuwa liste ya mahudhurio!" Prefe alikaribia kulia. "Siku ya uzinduzi! Walituambia tutie sahihi tupewe sukre!"

Na hilo lilikuwa kweli. Bondeni hakuna sherehe bila orodha ya mahudhurio, na hakuna anayeisoma, kwa sababu mwisho wake iko chupa ya soda. Karatasi ile haikuwa na kichwa. Mtu wa Idara aliwapa kila mmoja sukre ya machungwa, akaondoka na sahihi za shule nzima, na mahali fulani njiani akazipatia kichwa.

Mwalimu Sévère alikuwa amesogeza simu karibu na pua. "Na huyu wa mstari wa thelathini na moja? Ndiye mtaalamu wao. 'Ing. Bihogo, Mtaalamu wa Maji.' Nani anamjua?"

Uwituze aligeukia dirishani.

"Namkumbuka huyo," alisema Prefe haraka, kwa aibu ya mtu asiyetaka kuonekana amesahau mgeni mkubwa. "Alikuwa muntu murefu hivi. Mwenye miwani."

Injinia Bihogo hakuwa mrefu, ila ukimpima na pembe. Alikuwa dume la rangi ya udongo mwekundu, mali ya baba yake Uwituze, aliyekuwa anatafuna majani milimani wakati huohuo bila kujua cheo chake. Siku ya uzinduzi Uwituze alikunywa sukre yake, akaona haitoshi, akarudi kwenye foleni. Kwa mkono wa kushoto aliandika jina la kwanza lililomjia na kazi iliyoonekana kustahili soda. "Injinia iko mu gari," alimwambia mgawaji, "amenituma." Mgawaji hakuinua hata kichwa. Hivyo ndivyo kisima kisicho na pampu kilivyothibitishwa na ng'ombe.

"Uwituze," alisema Mwalimu Sévère, "weye unamjua?"

Lilikuwa swali fupi. Lakini halikuwa la maandishi, na Prefe alikuwa anamtazama, na valizi ya bati ilikuwa chini ya kitanda chake ikisubiri kufungwa.

"Injinia wengi walikuja siku ile, Mwalimu," alisema Uwituze.

Jioni ile alichukua mabidoni ingawa adhabu yake ilikuwa imeisha. Alipofika kwenye mfereji alikaa ukingoni. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na yalibeba jani la mpunga, kandambili moja, na vitu vingine visivyotajwa. Akahesabu. Akinyamaza, Idara imeshinda, bweni linafungwa, na wasichana themanini na wawili wanarudi makwao kwa muda, yeye akiwemo. Akisema, anarudi peke yake. Kwa upande wake yeye, njia zote mbili zilipanda mlima uleule. Hesabu hiyo ingekuwa rahisi kwa mtu mwema. Uwituze, ambaye hakujiona mwema, ilimchukua mpaka jua lilipokaribia kugusa milima ya ng'ambo.

Alijaza mabidoni, akayapeleka jikoni, akaenda kugonga mlango wa ofisi ya nidhamu.

"Mwalimu, naomba demande."

Mwalimu Sévère aliinua kichwa. "Watu hawaombi demande."

"Minye naomba."

"Kwa kosa gani?"

"Uliza kwanza. Ndipo utajua."

Mzee yule hakucheka. Hakuwahi kucheka. Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi tupu, akaisukuma mezani pamoja na kalamu. "Swali liandike mwenyewe," alisema. "Halafu jibu."

Uwituze aliandika upande wa juu, kwa herufi zilizonyooka: "Je, wewe ndiye uliyetia sahihi kwa jina la Ing. Bihogo, na je, Bihogo ni ng'ombe wa baba yako?" Akavuka mstari. Chini yake akaandika: "Ndiyo. Ndiyo." Akaweka tarehe na sahihi yake ya kweli, kwa mkono wa kulia.

Mwalimu alisoma. Kitu kilipita chini ya masharubu yake, kikaondoka kabla ya kujulikana ni nini. "Baba yako anaweza kupigwa picha na Injinia?"

"Kuko jirani mwenye simu."

"Vizuri. Prefe asijue bado. Prefe anamkumbuka mtu mrefu." Alitia karatasi katika bahasha, akaifunga kwa gundi, akagonga muhuri juu ya mfuniko na kuandika tarehe na saa. "Naye mbunge asiwaambie Idara kitu. Mtu anayedanganya usimfungie mlango akiwa bado uwanjani. Mwache aingie mpaka chumba cha ndani."

Swali la pili la Mheshimiwa Élisabeth lilikuwa fupi kuliko la kwanza. Lilitaka kujua Ing. Bihogo aliajiriwa na Idara mwaka gani, ana ujuzi gani, na ofisi yake iko wapi. Basi.

Idara ilijibu ndani ya siku tano. Haikuwahi kujibu haraka namna ile, na Mheshimiwa aliposoma jibu kwenye simu, kipaza sauti kikiwa kimewashwa katika ofisi ya nidhamu, ilibidi aanze mara mbili kwa kicheko.

"'Ing. Bihogo,'" alisoma, "'ni mtaalamu wetu wa miaka mingi, anayelijua vizuri bonde na milima. Ni mchapakazi na mtulivu. Kwa sasa yuko kwenye misheni.'"

"Ni kweli ni mtulivu," alisema Uwituze.

"Kuna muhuri?" aliuliza Mwalimu Sévère.

"Kuna muhuri, Mwalimu. Na sahihi ya mkurugenzi." "Uwituze, binti yangu. Kikao cha bunge kinafunguliwa mwisho wa mwezi. Swali lililojibiwa vibaya kwa maandishi naweza kuligeuza swali la mdomo, waziri ajibu akiwa amesimama, na redio inatangaza moja kwa moja. Lakini bahasha ile ina jina lako. Naweza kulifunika."

Mwalimu Sévère aliisogeza simu mbele ya Uwituze. Akamwachia mwenyewe.

"Ukilifunika, Onorable, watasema ng'ombe umemtunga weye," alisema Uwituze. "Sahihi ya uongo ilikuwa yangu. Hii nayo iwe yangu."

Mheshimiwa aliiandikia Idara barua moja ya mwisho. Iliwajulisha, kwa heshima zote, kwamba siku ya kwanza ya kikao atamwomba waziri amtambulishe Injinia kwa wabunge, na ili kumrahisishia kazi akaambatisha ungamo lililogongwa muhuri kabla ya jibu lao, pamoja na picha. Katika picha baba yake Uwituze, amevaa kofia ya kanisani, alikuwa ameshika pembe ya dume jekundu lililoitazama kamera kwa ujuzi wa miaka mingi. Baba alikuwa ameuliza jambo moja tu kwenye simu ya jirani: "Bihogo amekula shamba la nani?"

Lori la Idara lilifika siku tisa kabla ya bweni kufungwa. Lilileta mafundi wawili, mabomba, na pampu ya mkono iliyofungwa kwenye nailoni, ambayo ni wazi ilikuwa imekaa stoo fulani tangu mwezi wa kumi ikiwa njiani. Mjusi alihama bila kupinga.

Wakati mafundi wakikaza skrubu, baraza la nidhamu lilikaa, kwa maana siri ilikuwa imeisha. Prefe Marcellin alikuwa amevaa tai.

"Nilisema ya kumi na nane," alisema kwa huzuni ya kweli. "Mbele ya watu nilisema. Prefe akisema halafu asifanye, kesho watamfungia mbuzi kitandani."

"Prefe ana haki," alisema Mwalimu Sévère. "Lakini demande ni swali linaloulizwa na ofisi. Daftari la ofisi liko hapa. La mwisho lililoandikwa ni la kumi na saba, la soksi. Hiyo karatasi nyingine, swali lake lina mwandiko wa mwanafunzi. Mtu akijiuliza swali mwenyewe, hiyo ni dhamiri. Kanuni za shule hazina kifungu cha dhamiri."

Uwituze, kwenye benchi la wakosaji, alimtazama mzee kwa mshangao. Lilikuwa jibu zuri sana. Lilikuwa na mlango wa nyuma, dirisha, na hata kibaraza.

"Sévère," alisema Prefe, "unanikimbia."

"Nimefundishwa na bingwa, Prefe. Na ikiwa tutaendelea, itabidi niandike pia demande kuhusu mtu mrefu mwenye miwani."

Prefe Marcellin alikohoa kwa muda unaostahili cheo chake. Kisha akatoa hukumu: muhula mzima wa tatu, kila asubuhi kabla ya masomo, Uwituze atajaza mapipa ya jikoni.

Nje, mafundi walikuwa wamemaliza. Mtu wa Idara, yuleyule wa mwezi wa kumi, alitandaza karatasi juu ya boneti ya lori na kutafuta kalamu. "Prefe, sahihi hapa, na wengine wote hapo chini. Tuna safari."

"Pampu kwanza," alisema Mwalimu Sévère.

Noella na wenzake walikamata mkono wa pampu. Shule nzima ilihesabu kwa sauti. Mara ya kwanza mpaka ya kumi na mbili pampu ilipumua tu kama mzee anayepanda ngazi. Ya kumi na tatu ikakohoa. Ya kumi na tisa ikatapika tope. Waliendelea, wakabadilishana, na mara ya thelathini na nne maji yalitoka meupe, mazito, baridi, na hakuna aliyekumbuka kuhesabu tena.

Prefe aliisoma hati yote kwa sauti, kuanzia kichwa, hata namba ya simu ya mpiga chapa. Akatia sahihi. Mwalimu akatia sahihi. Kalamu ilimfikia Uwituze. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili, akahakikisha una kichwa, akarudi wa kwanza.

"Dada, haraka," alisema mtu wa Idara.

"Minye nasoma, Baba."

Aliandika jina lake, na kwenye safu ya kazi: mwanafunzi. Mtu wa Idara alikunja karatasi aitie mfukoni, akakuta mkono wa msichana uko wazi mbele yake, umetulia, hauondoki.

"Nini tena? Sukre hakuna leo."

"Nakala yetu," alisema Uwituze. "Yenye muhuri."

Alisubiri mpaka muhuri ulipotolewa garini, ukapuliziwa pumzi, ukagongwa. Akampa Mwalimu Sévère karatasi. Kisha akachukua mabidoni mawili, maana mapipa ya jikoni yalikuwa matupu na yeye hakuona sababu ya kuisubiri asubuhi ya kwanza ya muhula wa tatu.